Daftari la Kome

Nililiandika kwa penseli,
maana wino ukiguswa na maji ya chumvi hukimbia.
Jumatatu: saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi jioni,
kilo thelathini na nane za nyama ya kome,
maganda hayahesabiwi.
Jumanne: kilo arobaini na moja, na kidole.
Jumatano mtambo wa mvuke uliharibika.
Nikaandika: tumekaa.
Kukaa nako ni kazi
ukiwa umeambiwa usiondoke.

Wiki tisa, Evaristo.
Mara wanunuzi wa Hispania hawajatuma fedha,
mara benki imefunga,
mara mhasibu anaumwa jino,
na mimi, kwa ujinga wangu, nikampelekea karafuu.
Jumapili nikamwona sokoni Calbuco
akipasua lozi kwa magego.

Watu walisema naogopa. Haikuwa woga.
Wewe ndiye uliyemshika Maite kichwani siku ya ubatizo,
maji yakimchuruzika, ukasema: huyu ni wangu pia.
Ilikuwa aibu, tena aibu yako,
nami nilikubebea
kama anayemshikia mwenzake gunia njiani
akasahau kulitua.

Nilitua Puerto Montt, ghorofa ya tatu, namba hamsini na saba.
Nolfa alikuja, akatia sahihi, akarudi kwa wanawe.
Clorinda hakuja. Bado anamenya kome kwako,
simlaumu.
Mkaguzi, Bi. Millalonco, alikuwa na mafua,
lakini daftari lilipofunguka hata yeye alirudisha kichwa nyuma:
bahari yote ilikuwa mle ndani.
Kisha akasogea, akasoma kila ukurasa.

Wakili wako, kijana wa viatu vilivyolowa,
alisema hakuna mkataba.
"Basi," akasema Bi. Millalonco, akipenga kamasi,
"kama wewe huna karatasi, tutasoma ya kwake."

Akasoma. Kwa sauti, kama mtu asomaye majina ya waliofariki.
Kilo, saa, kilo, saa.
Wewe ulikuwa unaangalia dirisha,
na dirisha lilikuwa na mvua tu.
Hadi alipofika Alhamisi ya wiki ya sita:
kilo thelathini na tano. Baridi kali.
Evaristo ameleta mkate, wa moto.

Uligeuka.
"Hata mkate uliandika?"
Nikasema, niliandika vilivyokuwapo.

Sijui ni nini kilichokupata hapo.
Ulimwekea wakili mkono begani, akafunga faili.
Fungu la kwanza leo, la pili tarehe thelathini,
na ile Jumatano ya kukaa, nusu.
Hiyo nusu inaniuma mpaka sasa,
najua nilipaswa kuing'ang'ania,
lakini miguu ilikuwa imechoka na basi lilikuwa moja.

Kalamu yako ikagoma.
Nikakupa penseli yangu.
Bi. Millalonco akatikisa kichwa: "Penseli hufutika, Bwana,"
akatoa kalamu yake, na kwa mara ya kwanza
tukacheka watatu, wakili akabaki na viatu vyake.

Nje ukasema, panda, gari lina joto.
Nilipanda. Mvua haina kesi na mtu.
Sikukuuliza habari za mkeo, nawe hukuuliza za Maite.
Nikatoa noti mapajani, nikazihesabu,
moja moja, kwa sauti,
kutoka kituo cha mafuta hadi tuta la mawe la kuingilia kisiwani,
na nilipozimaliza nikaanza upya.
Hukuniambia nikome.

Usiku, kando ya jiko la kuni,
nikafungua ukurasa mpya.
Ijumaa: fungu la kwanza, limetimia.
Evaristo amenirudisha nyumbani.
Fungu la pili:

penseli ikasimama hapo.
Bado.